Kristali laki tatu kwa metali ngapi?

Ujumbe unaoingia mara nyingi zaidi katika muungano wetu wa wachezaji wa OGame hauhusu vita. Ni huu: "Nina kristali laki tatu, nataka metali. Unatoa ngapi?" Mgeni akiuliza hivyo, wenyeji humjibu kwa tarakimu tatu, 2.5:1.5:1 (yaani metali 2.5 ni sawa na kristali 1.5 au deuteriamu 1), na mazungumzo huishia hapo. Mimi huwa nakereka. Nimecheza OGame kwa miaka mingi nikiwa Busia, upande wa Uganda, na kwa muda mrefu wenzangu wamenifanya dalali wao, yule anayeulizwa kama bei ni ya haki kabla meli hazijaruka. Nimewaona watu wakipewa uwiano sahihi kabisa na bado wakadhulumiwa. Nimeona pia biashara ambazo kwa uwiano zilionekana mbovu, kumbe pande zote mbili zilitoka na faida. Ndiyo maana nataka tuuchambue huo uwiano, halafu tutazame yale usiyoyataja.

Kwa asiyeujua mchezo: OGame ni mchezo wa mkakati unaochezwa kwenye kivinjari, ulitoka Ujerumani mwaka 2002 na unaendeshwa na Gameforge ya mjini Karlsruhe. Unaanza na sayari moja, unachimba mali za aina tatu: metali, kristali na deuteriamu. Metali na kristali zinajenga karibu kila kitu. Deuteriamu ni mafuta ya meli, na inaingia pia katika utafiti na katika baadhi ya meli zenyewe. Katika biashara ninayoizungumzia, wachezaji wawili wanapatana kwa ujumbe, kisha kila mmoja anapakia mzigo wake na kuutuma. Mchezo una mfanyabiashara wake wa ndani pia, lakini kumwita kunagharimu maada ya giza, na hiyo unaiokota kidogo kidogo katika safari za mbali au unainunua kwa pesa halisi. Kijana anayenunua bando la siku hana kadi ya benki ya kununulia maada ya giza. Kwake yeye, mchezaji mwenzake ndiye soko, na ndiyo maana bei ya haki si jambo dogo kwetu.

Sasa, uwiano ulitoka wapi? Wengi hudhani ni desturi tu ya wakongwe. Chanzo chake ni kanuni ya migodi. Kwa saa moja mgodi wa metali hutoa 30 mara ngazi ya mgodi mara 1.1 iliyopandishwa kwa kipeo cha ngazi hiyo; mgodi wa kristali hutumia hesabu ileile ukianza na 20; wa deuteriamu unaanza na 10, kisha joto la sayari linaongeza au kupunguza, maana sayari yenye baridi hutoa deuteriamu zaidi. Thelathini, ishirini, kumi: hapo ndipo 3:2:1 ilipozaliwa. Migodi yote ikiwa kwenye ngazi moja, kwa kila metali tatu unachimba kristali mbili.

Lakini hakuna mchezaji makini anayeweka migodi yake ngazi moja. Gharama ya mgodi wa kristali hupanda mara 1.6 kwa kila ngazi, ya mgodi wa metali mara 1.5. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mwanzoni, ila ngazi zikipanda kristali inakuwa ghali kuifukuzia, kwa hiyo wengi wetu tunauacha mgodi wa kristali nyuma kwa ngazi mbili tatu. Chukua mtu mwenye metali ngazi ya 20 na kristali ngazi ya 18, ulimwengu wa kasi ya kawaida, bila nyongeza. Anapata metali 4,036 kwa saa na kristali 2,001. Huyo anaishi katika 2:1. Ukimuuzia kristali kwa bei ya 3:2 anapaswa kukushukuru, maana kwake kristali moja ina thamani ya metali mbili na wewe umemtoza moja na nusu.

Kuna kipimo kingine kinachowachanganya watu, nacho ni jedwali la pointi. Kila mali 1,000 unazotumia kujenga zinakupa pointi moja, na jedwali halijali ni mali gani. Kwa jedwali, metali moja ni sawa na deuteriamu moja. Mtu anayewinda cheo peke yake atafurahi kubadilisha deuteriamu zake kuwa metali mara mbili na nusu, azijenge zote, apande. Sina ugomvi naye. Ila mtu huyo akikwambia bei fulani ni ya haki, jua kwamba anapima kwa rula nyingine kabisa.

Kwa maoni yangu, njia ya kweli ya kujua bei ni kuuliza kila upande unajenga nini. Manowari moja inakula metali 45,000 na kristali 15,000. Mtu wa migodi ya 2:1 akichimba hizo metali 45,000 atakuwa amechimba kristali 22,500 pia. Atatumia 15,000, na zile 7,500 zitabaki zimelala ghalani. Kila manowari anayoiunda inamwachia kristali asizozihitaji. Sasa mchukue jirani yake anayejenga kruza za vita, aina nyingine ya meli. Moja inataka metali 30,000, kristali 40,000 na deuteriamu 15,000. Kwa migodi ileile ya 2:1, mpaka apate kristali 40,000 atakuwa na metali 80,000, na 50,000 kati ya hizo hana kazi nazo. Hawa wawili wakikutana hakuna anayemwibia mwenzake. Mmoja anatoa kinachomsumbua, mwingine anapokea kinachomkwamisha.

Turudi basi kwenye kristali laki tatu. Kwa 3:2:1 ni metali 450,000. Kwa 2:1:1 ni 600,000. Kwa 2.5:1.5:1 ni 500,000. Kati ya mwisho mmoja na mwingine kuna metali 150,000, yaani zaidi ya metali za manowari tatu, na yote hayo watu wanayaita bei ya kawaida! Mwenye manowari angekubali hata 450,000, kwa sababu kristali zile zingelala tu. Mwenye kruza angeweza kufika 600,000, maana ndivyo migodi yake inavyomgharimu. Wakikutana kwenye 500,000, kila mmoja amepata zaidi ya ambavyo angepata peke yake, ingawa mwenye kruza amebakiwa na faida kubwa kidogo. Mimi kama dalali ningewaambia 525,000, katikati kabisa, hasa kama mwenye manowari ndiye aliyetafutwa. Lakini mwenye manowari akiwa ndiye mwenye haraka, kwa mfano anataka kumaliza meli kabla ya vita vya muungano, 500,000 inamtosha, na atakwambia mwenyewe.

Hapo tumemaliza uwiano. Sasa mzigo.

Shangazi yangu anauza maharage hapa mpakani tangu nikiwa mdogo, na wateja wake wengi wanatoka ng'ambo, upande wa Kenya. Mteja akiuliza gorogoro, lile kopo la kupimia, ni shilingi ngapi, yeye hatamki bei kwanza. Anauliza: "Unachukulia hapa, au tukuvushie?" Bei ya maharage yanayochukuliwa hapa na bei ya maharage yanayovushwa ni bei mbili, kwa sababu kuvusha kuna mbebaji, kuna foleni, kuna shilingi ya Kenya inayopanda na kushuka mkononi mwa wabadilishaji fedha, na kuna mvua. Kwenye mchezo wetu watu wazima wenye hesabu nzuri wanapatana metali kwa kristali bila kuuliza swali hilo hata siku moja.

Hebu tuliulize. Meli kubwa ya mizigo inabeba 25,000, bila nyongeza ya teknolojia. Kristali laki tatu zinataka meli 12. Metali laki tano zinataka meli 20. Aliyeahidi metali anahitaji msafara mkubwa karibu mara mbili, na kama hana meli hizo ataenda raundi mbili. Mafuta yenyewe si kitu cha kugombania: meli 20 kwa kasi kamili kutoka galaksi moja hadi ya jirani zinachoma kama deuteriamu 2,300, na ndani ya mfumo mmoja wa jua hazichomi hata 125. Kwa biashara ya laki tano hiyo ni chenji. Kinachouma ni saa.

Mzigo ukiwa angani hauguswi. Ukishatua juu ya sayari ya mtu aliyelala, kila jasusi anauona, na mshambuliaji akishinda kwa kawaida anaondoka na nusu ya kilichopo, akirudi anachukua nusu ya kilichobaki. Januari, mchezaji wa Ureno akituma mzigo wake utue saa nne usiku kwa saa ya Lisbon, yeye yuko macho, anatazama. Hapa Busia ni saa saba usiku. Umeme unaweza kuwa umekatika tangu jioni, simu imezima. Mali imefika kamili kwa uwiano sahihi, na alfajiri robo tatu yake haipo. Kwa hiyo kila ninaposimamia biashara, saa ya kutua huwa sehemu ya bei. Ukitaka mzigo wako utue wakati unaokufaa wewe na unaoniweka mimi hatarini, nipunguzie. Nimeona watu wakikubali bila ubishi wakishaelezwa, kwa sababu wengi hawana nia mbaya; hawajawahi tu kufikiria kwamba usiku wao si usiku wetu.

Jambo zito kuliko yote ni nani anatangulia kutuma. Desturi niliyoikuta ni kwamba mdogo ndiye anayeanza, kwa hoja kwamba mkubwa ana jina la kulinda. Naipinga desturi hii kwa nguvu zangu zote. Mtu mwenye sayari moja na mgodi wa kristali wa ngazi ya 18 anahitaji saa 150 kuchimba laki tatu, siku sita na robo. Mwenye sayari nane zenye mgodi wa ngazi ya 26 anazipata kwa saa sita. Biashara ikivunjika, mmoja amepoteza wiki nzima ya mchezo, mwingine amepoteza usingizi wa usiku mmoja. Atangulie nani? Atangulie yule ambaye hasara haitamwangusha. Jina la mkubwa halirudishi kristali za mdogo. Kanuni za mchezo zinakataza akaunti yenye nguvu kunufaika na dhaifu bila malipo yanayolingana, na malipo yana muda wake, siku chache tu. Anayekiuka anaweza kufungiwa. Lakini kufungiwa kwa mkubwa hakumrudishii mdogo mali yake. Katika muungano wetu mkubwa anatangulia, au mzigo unagawanywa mafungu: theluthi yangu, theluthi yako, mpaka uishe. Mafungu yanachosha na yanaongeza mafuta, lakini kwa watu wasiojuana sijaona njia bora.

Waganda tulikuwa na gharama nyingine ambayo wenzetu wa nje hawakuijua. Kuanzia Julai 2018, kutumia WhatsApp na mitandao mingine ya kijamii kulitaka kodi ya shilingi 200 kwa siku. Mchezo wenyewe uko kwenye kivinjari, haukutozwa kodi hiyo, lakini mapatano yetu yote yalikuwa WhatsApp. Kuna wenzetu waliokuwa wakilipia siku moja moja, siku ya biashara tu, na hawakutaka majadiliano ya siku nne juu ya metali elfu kumi. Tukahamia ujumbe wa ndani ya mchezo. Kodi ile iliondolewa mwaka 2021, ikaja ya asilimia 12 kwenye data, na hiyo haikwepeki kwa kuhama jukwaa.

Mwaka huohuo, Januari, utaratibu wetu wa mkubwa kutangulia ulipata mtihani wake. Binamu yangu yuko Kampala, anajenga kruza za vita. Nilimkutanisha na mchezaji wa Ureno mwenye manowari, mkubwa kwake mara nyingi, ambaye ndiye aliyekuja kutafuta metali. Wakapatana kristali laki tatu kwa metali laki tano. Mreno akatangulia, kama tulivyopanga. Tarehe 12 Januari mitandao ya kijamii ikafungwa nchi nzima, uchaguzi ukiwa umebaki siku mbili. Tukaendelea kwa ujumbe wa ndani. Tarehe 13 mchana kristali zikatua. Binamu alikuwa anasubiri meli zake zirudi kutoka safari nyingine ili apakie metali usiku. Jioni intaneti yote ikazimwa.

Aliyeko Busia ana bahati ambayo aliyeko Kampala hana: ukiwa na laini ya Kenya na ukasogea karibu na mpaka, simu inashika minara ya ng'ambo. Nilisimama kando ya barabara, simu juu kidogo, mpaka ukurasa ukafunguka, nikamwandikia Mreno: nchi yetu imezimwa, binamu yangu hajakukimbia, sijui itarudi lini, naomba usimshitaki. Jibu lake lilikuja usiku uleule. Aliuliza kama familia yetu iko salama, kisha akasema atasubiri. Hakuuliza kuhusu metali. Mtu ambaye sijawahi kumwona, na ametoa mali yake kwanza.

Intaneti ilirudi tarehe 18. Binamu alipofungua akaunti alikuta sayari yake imepigwa tena na tena. Zile metali laki tano hazikuwepo. Kristali nazo zilikuwa zimeliwa sehemu kubwa. Sasa haki ni ipi? Yeye alikuwa na maneno mawili yanayopingana, na yote aliyasema kwa uchungu. La kwanza, kwamba deni lipungue, kwa kuwa hata kristali alizozipokea hakuzifaidi. La pili, siku iliyofuata alipotulia, kwamba aongeze metali elfu hamsini kumlipa Mreno kwa kungoja.

Niliyakataa yote mawili, na bado nayakataa. Kristali zilipotua zikawa zake. Kilichoporwa baada ya hapo kiliporwa kutoka kwake, na Mreno hana mkono wowote humo. Deni ni laki tano, kamili. Lakini kuchelewa hakukusababishwa na yeyote kati yao, na bei ilipangwa kwa kuangalia mahitaji ya wote wawili siku ile walipopatana. Ukianza kutoza siku za mtu aliyezimiwa mtandao, unamtoza kwa sababu ya nchi aliyozaliwa. Mreno aliafiki. Alikubali kulipwa kwa mafungu matatu, kila fungu litue mchana kwa saa ya Uganda, na alipotumiwa kile cha ziada ambacho binamu alikisukuma kwa ukaidi, alikipakia akakirudisha.

Tangu hapo, kabla meli hazijaondoka, tunaandika: kiasi, saa ya kutua kwa saa ya seva, nani anatangulia, na mtandao ukizimwa mtu anasubiriwa mpaka lini. Hicho kipengele cha mwisho bado tunabishana. Binamu anataka siku saba kamili, basi, ili anayesubiri ajue mwisho wake. Mimi nataka hesabu ianze siku mtandao unaporudi, kwa sababu aliye gizani hana namna ya kuhesabu siku pamoja na mwenzake. Wanachama wengi wako upande wa binamu, na mapatano ya sasa yanasema siku saba. Nimetia sahihi, lakini biashara ninazozisimamia mwenyewe naongeza mstari wangu chini, na mpaka leo hakuna mkubwa aliyekataa kuukubali.